Sauti za Soin Katika Soko la Lugha

Mnamo Novemba 2021, Mutahi Kagwe, wakati huo akiwa Waziri wa Afya wa Kenya, alitoa habari iliyowauma wengi: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Mkataba wa kuwapeleka ulikuwa umetiwa saini Julai mwaka huohuo, Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa ziarani London. Wauguzi hao hawakuwa wageni wa Kiingereza. Walifundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni, mitihani yao yote ya uuguzi ilikuwa ya Kiingereza, na kila zamu waliandika taarifa za wagonjwa kwa lugha hiyohiyo.

Mtihani wa namna hiyo una mwendo wake. Bodi inayosajili wauguzi Uingereza hutaka alama 7 kati ya 9 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Muuguzi anaweza kuhudumia wodi nzima kwa Kiingereza usiku kucha asikosee dawa hata moja, kisha akakwama mbele ya insha ya dakika 40 juu ya jambo ambalo hajawahi kuwa na haja ya kulibishania. Kuandika insha hiyo ni ufundi wa peke yake, na ufundi huo una wauzaji.

Wauzaji hao ni kampuni za kufunza lugha, biashara ambayo miaka 20 iliyopita ilikuwa ya vyuo vichache vya Nairobi. Goethe-Institut imekuwa jijini humo tangu 1963, na Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Aliyetaka Kijerumani au Kichina alipanda gari akaenda Nairobi. Leo darasa liko kwenye simu, na kaunti za Kericho na Bomet ni soko zuri kwa sababu zinatoa wauguzi: kuna vyuo vya uuguzi katika hospitali za misheni za Tenwek, Kaplong na Litein, na kuna tawi la Kapkatet la KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kijana anayemaliza masomo huko hukuta ajira za kaunti zimejaa. Hapo ndipo tangazo la kozi ya lugha linapomfikia.

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz walishuhudia mjini Berlin kutiwa saini kwa mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani. Siku hiyohiyo zilienea habari kwamba Wakenya 250,000 wangepata kazi. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha upesi: mkataba hauna idadi yoyote. Lakini namba ile ilikuwa imeshatoka, na ikaendelea kufanya kazi yake. Kilicho kweli ni kwamba muuguzi wa kigeni anayetaka kutambuliwa Ujerumani hudaiwa kwa kawaida Kijerumani cha ngazi ya B2, ambayo ni ya nne katika ngazi sita za Ulaya. Kwa mtu anayeanza na salamu, hiyo ni safari ya miezi mingi ya kusoma kila siku, kila ngazi na ada yake, na kila mtihani na ada yake tena. Kampuni hulipwa mwanafunzi akifaulu. Hulipwa vilevile akianguka.

Si bahati mbaya kwamba njaa hii ya lugha imeshika sana katika eneo la chai. Kwa karibu miaka 100, tangu Brooke Bond na kampuni iliyokuja kujulikana kama James Finlay zilipofungua mashamba Kericho katika miaka ya 1920, kazi ya mikono haikukosekana kabisa. Ilikuwa kazi ngumu yenye malipo duni, lakini ilikuwepo. Kisha zikaja mashine za kuchuma majani. Mei 2023 vijana wenye hasira walichoma moto mashine hizo katika mashamba ya Kericho, na watu wakaumia. Mwaka huohuo kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya Finlays, na 2024 ikakubaliana kuyachukua ya Lipton, yaliyowahi kuwa ya Unilever kuanzia 1984. Kijana wa leo anayajua haya yote. Anajua kwamba kambi aliyolelewa babu yake haimhitaji tena, na kwamba hospitali ya Ujerumani huenda ikamhitaji. Kilichosimama katikati ni lugha.

Ili kuelewa kampuni hizi za lugha ni lazima kuingia ndani na kutazama kazi inavyofanyika kila siku, na iliyo rahisi zaidi kuichunguza ni Duolingo ya Pittsburgh, Marekani, kwa kuwa mambo yake mengi yako hadharani. Ilianzishwa 2011 na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker, Mswisi. Von Ahn amesema mara nyingi kwamba aliona kwao Guatemala jinsi Kiingereza kinavyomtenganisha mwenye pesa na asiye nazo, ndiyo maana alitaka masomo yawe ya bure. Nia hiyo ni njema, na mamilioni ya watu wamefaidika nayo. Ila bure hiyo ililipwa na mtu fulani tangu mwanzo. Mpango wa kwanza wa biashara ulikuwa wanafunzi, wakiwa katika mazoezi yao, watafsiri maandishi ya wateja wanaolipa. CNN na BuzzFeed walikuwa miongoni mwa wateja hao. Mpango ukaachwa baadaye, lakini fikra iliyo chini yake haikuachwa: kazi ya watu wengi wasiolipwa, ikikusanywa vizuri, ni mali.

Kuanzia 2013 kampuni ilifungua mlango kwa watu wa kujitolea waandike kozi za lugha ambazo yenyewe isingezigusa. Kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza ilizaliwa kwa njia hiyo na kutoka 2017. Kazi ya waandishi hao haionekani kwa mwanafunzi, nayo inastahili kuelezwa. Mwandishi wa kozi huchagua neno, hutunga sentensi chache zinazolitumia, kisha huorodhesha kila tafsiri inayopaswa kukubaliwa. Kwa Kiswahili hilo ni jambo zito. Mwanafunzi akipewa sentensi ya Kiingereza inayosema tu kwamba vitu fulani ni vikubwa, bila kutajwa ni vitu gani, anaweza kujibu ni wakubwa, ni mikubwa, ni makubwa, ni vikubwa au ni kubwa. Yote ni sahihi. Kila moja lazima iingizwe na mtu, la sivyo mwanafunzi aliyejibu vizuri ataambiwa amekosea. Ongeza yangu, wangu, changu, langu na pangu, kisha uzidishe kwa maelfu ya sentensi, na utaona ni mikesha mingapi imekwenda katika kozi inayoitwa ya bure.

Machi 2021, miezi michache kabla ya kuuza hisa zake kwa umma, Duolingo ilifunga mpango wa kujitolea na kutenga zaidi ya dola milioni 4 kuwazawadia waliokuwa wamechangia. Ilikuwa haki, japo ya kuchelewa. Mapato ya kampuni kwa mwaka 2024 yalifika dola milioni 748, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu zaidi ya milioni 40 waliitumia kila siku.

Utamaduni wa kampuni hii umejengwa juu ya kumfanya mwanafunzi arudi kesho. Somo ni la dakika chache. Kuna pointi, kuna ligi ya wiki, kuna hesabu ya siku mfululizo ambayo mtu huogopa kuivunja, na kuna bundi wa kijani anayetuma ujumbe kukukumbusha. Ndege huyo amependwa sana ng'ambo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza na kumwaza mgonjwa waliye naye. Aliyemchagua hakukosea kwa watu wake. Ila ni wazi kwamba mezani pale hakuwepo mtu wa Kapsorok wala wa Kipsitet, huko Soin katika Kaunti ya Kericho. Na jambo lenye uzito zaidi ni hili: mlango wa kozi hiyo ya Kiswahili ni Kiingereza. Mama wa Soin anayesema Kikipsigis, mojawapo ya lugha za Kikalenjin, na anayetaka kuboresha Kiswahili chake ili aongee na daktari hawezi kuingia.

Katika miaka ya karibuni meza yenyewe imebadilika. Mwishoni mwa 2023 Duolingo iliacha kuwatumia karibu asilimia 10 ya wafanyakazi wake wa mkataba. Aprili 2025 von Ahn aliwaandikia wafanyakazi kwamba akili bandia itatangulia katika kila jambo, na kwamba kampuni itapunguza hatua kwa hatua wafanyakazi wa mkataba kwa kazi ambazo mashine inaweza kuzifanya. Siku chache baadaye ilitangaza kozi mpya 148 kwa mkupuo, ikisema kozi 100 za mwanzo zilichukua kama miaka 12. Mwendo huo unashangaza. Unatisha pia, kwa sababu mashine hutunga vizuri pale tu ilipolishwa maandishi na sauti nyingi. Lugha isiyo na hazina hiyo haipati kozi 148. Haipati hata moja.

Afrika Mashariki ilikuwa na desturi nyingine ya kufunza lugha kabla ya simu. Makoko, nje ya Musoma, mapadri na masista wa Maryknoll walijenga shule ambako wageni walijifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa vijijini. Zanzibar kulikuwa na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo imo ndani ya SUZA. Karibu na Arusha kilikuwepo kituo cha Wadenmarki cha Usa River. Kikosi cha Amani cha Marekani, kilicholeta vijana Kenya kuanzia miaka ya 1960, kiliwaweka wanafunzi katika nyumba za wenyeji. Asubuhi walikuwa na mwalimu, jioni walikuwa jikoni na mama wa nyumba, na jikoni ndiko ulimi ulikofunguka. Shule hizo zilikuwa na dosari zake: ziliwahudumia wageni zaidi kuliko wenyeji, na mwenyeji aliyewahi kujifunza humo lugha ya jirani yake ni adimu. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa pale, alilipwa mshahara pale, na mwanafunzi akikosea aliona usoni pa mtu kwamba amekosea.

Soin yenyewe haikungoja shule yoyote. Eneo hili liko magharibi mwa Kaunti ya Kericho, chini ya miinuko ya chai, mahali joto linapopanda na chai inapoachia nafasi mahindi na miwa. Kwa siasa limo katika eneobunge la Soin/Sigowet, lenye wadi nne: Sigowet, Kaplelartet, Soliat na Soin. Upande wa pili wa mpaka ni Kaunti ya Kisumu, Nyakach na Nyando, kwa Wajaluo. Barabara ya Kisumu kwenda Kisii inapita Sondu, hivyo Wakisii nao hufika. Kwa hiyo soko la Sondu ni mahali ambapo lugha tatu za mama hukutana, na Kiswahili huwa ya nne, kati ya ng'ombe, samaki wa ziwani na mananasi yanayoshuka kutoka Kericho.

Namna watu wanavyojifunza lugha Sondu ingefaa kusomwa na kila mwenye kampuni. Hakuna anayeanza na herufi. Muuzaji huanza na tarakimu, kwa sababu bei ndiyo inayoweza kumtia hasara. Baada ya tarakimu hufuata salamu, kwani mteja anayesalimiwa kwa lugha yake husimama. Kisha majina ya bidhaa. Kisha maneno ya kubembeleza bei. Na mwisho kabisa, baada ya miaka, mizaha. Mwanamke wa Nyakach anayeuza samaki anaweza kuitikia salamu ya chamgei bila kufikiri, na mchungaji wa Sigowet akahesabu kwa Kijaluo mpaka elfu, wote wawili wakiwa hawajui kuandika hata sentensi moja ya lugha ya mwenzake. Kwa mizani ya Ulaya huenda wasipewe hata A1, ngazi ya kwanza. Kwa mizani ya soko wamefaulu.

Juu huko milimani, makambi ya mashamba makubwa yalifanya kazi hiyohiyo kwa njia kali zaidi. Wachumaji walitoka Kisii na kwingineko Nyanza, na Magharibi, wakapangwa nyumba moja baada ya nyingine, wakaongozwa na nyapara na kupimiwa majani kwa Kiswahili. Watoto wao walicheza pamoja na kutoka na lugha tatu kabla ya darasa la kwanza. Haifai kuipamba historia hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wengi wa jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa, na kesi ya wahanga wa shamba la Unilever ilifika hadi mahakama za London. Sondu nako, mwaka 2023, mzozo wa mpaka na wa ushuru wa soko uliua watu. Kujua lugha ya jirani hakukuzuia damu. Hata hivyo waliokuwa wa kwanza kurudi kuuziana mara nyingi huwa ni walewale wanaosikilizana, na amani yoyote ya mpakani huanza na watu wanaoweza kuulizana bei.

Swali basi ni kwa nini hazina hii yote haimo katika biashara ya lugha ila kama mteja. Wakipsigis walihesabiwa takriban milioni 1.9 katika sensa ya 2019, na Wakalenjin wote zaidi ya milioni 6. Hiyo si lugha ndogo. Kuna nchi za Ulaya zenye watu wachache kuliko hao ambazo lugha zao zina kozi, kamusi za simu na sauti za mashine. Maandishi juu ya Kikalenjin yapo pia, tangu A. C. Hollis alipochapisha kitabu chake kuhusu Wanandi na lugha yao mwaka 1909. Mwaka 1979 Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alitoa uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin. Kamusi kubwa ya Kinandi ya Jane Tapsubei Creider na Chet Creider ilitoka 2001, nayo ilichapishwa Köln, Ujerumani. Kwa hiyo kijana wa Soin anayejifunza Kijerumani ili aende Köln atakuta huko kamusi ya lugha ya jamaa zake ambayo hakuwahi kuiona shuleni kwao.

Karibu vitabu hivyo vyote viliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomi. Kazi ya kumfunza mtu wa kawaida imebebwa na redio. Kass FM na Chamgei FM zimefanya zaidi kuhifadhi Kikalenjin cha watu wazima kuliko chombo kingine chochote katika miaka 20 iliyopita: methali, mashairi ya ng'ombe, mabishano ya kilimo, matangazo ya vifo. Mtaala wa umilisi unazipa lugha za asili nafasi katika madarasa ya chini, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali izikuze. Darasani mambo huwa mengine, kwa sababu mwalimu hana vitabu vya kutosha na mzazi anataka Kiingereza.

Upo ugumu wa kweli katika lugha yenyewe, na usifichwe. Kikipsigis huandikwa kwa irabu tano zilezile za Kiswahili, lakini irabu zake halisi ni karibu maradufu ya hizo, na kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu. Toni haiandikwi. Katika lugha za Kikalenjin kitenzi hutangulia, na mara nyingi kinachomtofautisha anayetenda na anayetendwa ni kupanda au kushuka kwa sauti tu. Sentensi iliyoandikwa inaweza kumwacha msomaji bila kujua nani alimpiga nani. Iliyosemwa haina utata hata kidogo. Maana yake ni kwamba kozi ya Kikipsigis haiwezi kujengwa kwa maandishi kisha ikatiwa sauti ya mashine baadaye. Lazima ianze na watu wanaosema: mzee, mtoto, mtu wa Bomet mjini, mtu wa Soin kule chini. Sauti ndiyo kitabu chenyewe.

Na sauti hizo zimeanza kutafutwa. Mradi wa African Next Voices, uliofadhiliwa na Gates Foundation kwa dola milioni 2.2, umekusanya takriban saa 9,000 za mazungumzo katika lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Upande wa Kenya umeongozwa na Lilian Wanzare wa Chuo Kikuu cha Maseno, na Kikalenjin ni mojawapo ya lugha zilizorekodiwa, pamoja na Kikuyu, Kijaluo, Kimaasai na Kisomali. Ni kazi ya kusifiwa. Inaongozwa na Waafrika, na imekusanya maneno ya shamba, zahanati na shule, siyo tafsiri za habari za ng'ambo. Hiyo ndiyo malighafi ambayo kampuni za lugha zitahitaji kesho.

Neno malighafi ni la kutilia mkazo, maana Kericho ina uzoefu mrefu wa malighafi. Jani bichi lina bei moja langoni mwa kiwanda na nyingine kabisa likiwa ndani ya pakiti dukani London, na kwa miongo mingi mchumaji alilipwa ya kwanza tu. Mkulima mdogo alipata njia ya kujinasua kidogo. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, iliundwa 1964 na kubinafsishwa 2000, na leo wakulima zaidi ya 600,000 nchini wanamiliki viwanda vyao kwa hisa. Majani yakiuzwa, mkulima hulipwa kila mwezi, na mwisho wa mwaka hungoja bonasi. Mfumo huo haukuwa msafi. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika mara kwa mara kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na Sheria ya Chai ya 2020 ilikuja kwa sababu ya malalamiko juu ya uongozi. Lakini mkulima wa Litein ana cheti cha hisa, na anaweza kuuliza katika mkutano mkuu. Anayetoa sauti yake kwa mradi wa lugha hana cheti.

Hali ya sasa ya kazi za kidijitali nchini inaonyesha hatari ilipo. Kwa miaka kadhaa vijana wa Kenya wamekuwa wakiandika majibu, kusahihisha tafsiri na kuweka alama kwenye picha na sauti kwa ajili ya kampuni za nje. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia Wakenya mlango ghafla, na waliokuwa wakilitegemea wakabaki bila kazi na bila mtu wa kumuuliza. Utamaduni wa kazi hizo ni upweke: kijana na kompyuta yake, kazi inayohesabiwa kwa dakika, msimamizi asiye na uso, na jina ambalo haliandikwi popote kwenye bidhaa. Kampuni ileile ambayo makao yake yana chakula cha mchana na chumba cha mazoezi huwa na tabaka la pili la watu ambao hawajawahi kuona mlango wake. Mtu akizungumza juu ya maisha ndani ya kampuni ya lugha na akawasahau hao, amesimulia nusu.

Wapo watakaosema kwamba jibu ni kuziomba kampuni kubwa zifungue kozi ya Kikalenjin. Yaliyotokea Wales yanatosha kuwazindua. Kiwelisi kina serikali yake, televisheni yake na sheria yake, na kozi yake ya Duolingo ilivuta mamilioni. Hata hivyo mwaka 2023 kampuni iliamua kusitisha kuiendeleza ili nguvu ziende kwenye lugha zenye wanafunzi wengi zaidi. Waziri wa elimu wa Wales aliandika barua, watu wakatia saini, na uamuzi ukabaki wa Pittsburgh. Ikiwa Wales haikuweza kuigeuza kalamu hiyo, Kaunti ya Kericho haitaweza. Kozi ya kuazimwa ni bora kuliko kutokuwa nayo, ila mwenye kuazima huamka siku moja akakuta mwenye mali ameichukua.

Kinachowezekana ni kidogo na kiko karibu. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho na Bomet ina chuo chake. Vyote viwili vina wanafunzi wanaosema Kikipsigis nyumbani na wanaojua kutumia kompyuta. Redio zina kumbukumbu za sauti. Masoko ya Sondu na Kapsoit yana walimu wasiojua kwamba ni walimu. Muuguzi wa Kisii au wa Mombasa anayepangiwa kazi Tenwek au Kapkatet angelipia kwa furaha kozi ya wiki sita ya Kikipsigis cha wodini: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini, dawa hii meza mara tatu. Mwalimu mgeni, afisa wa kilimo, polisi na karani wa benki nao wangelipia. Kozi ya aina hiyo haihitaji bundi wala ligi ya wiki. Ina sababu ya kutosha ya kumrudisha mwanafunzi kesho, nayo ni mgonjwa aliye mbele yake. Na muuguzi huyohuyo, akiwa ameshaonja kujifunza lugha kwa kusikiliza na kujibu badala ya kukariri insha, hataogopa sana Kijerumani kikija.

Ushirika wa namna hiyo ungefanya jambo moja ambalo kampuni kubwa hazijafanya: kumpa hisa aliyetoa sauti. Mzee wa Soliat aliyerekodi saa 10 za hadithi awe na jina lake kwenye kozi, alipwe kwa siku aliyorekodi, na apate fungu kila mwaka kozi inapouzwa au rekodi zinapokodishwa kwa watengenezaji wa programu. Hesabu zisomwe hadharani, maana historia ya bonasi imeshafunza kwamba hisa bila hesabu iliyo wazi huzaa manung'uniko. Wajaluo wa Nyakach waingizwe tangu siku ya kwanza, kwa kozi ya Kijaluo kwa Wakipsigis na ya Kikipsigis kwa Wajaluo, kwa kuwa hakuna kampuni ya Pittsburgh wala ya Berlin itakayowahi kuona faida ya kuwafunza watu wawili wanaogombania ushuru wa soko moja namna ya kuongea.

Kabla ya yote hayo lipo jambo ambalo wawakilishi wadi wa Kericho na Bomet wanaweza kulianza katika mabunge yao ya kaunti bila kungoja mfadhili. Wapitishe kanuni kwamba mradi wowote unaokuja kurekodi sauti za wananchi, wa chuo au wa kampuni, usome mkataba wake kwa Kikipsigis mbele ya watakaorekodiwa, utaje malipo kwa shilingi, na uache nakala kamili ya rekodi Kabianga, ambako mtoto wa Soin anaweza kuiomba na kupewa bila kulipa.